Tao ambalo bibi angelifikia kwa miguu yake: kisa cha safari ya siku moja Utah

Familia moja ninayoifahamu, inayoishi Salt Lake City, iliniomba niisaidie kupanga safari ya Arches, ile hifadhi ya taifa iliyo pua na mdomo na mji wa Moab, kusini-mashariki mwa jimbo la Utah. Walitaka waondoke alfajiri, walione tao la mwamba, na walale nyumbani kwao usiku huo huo. Ilikuwa Oktoba 2024, watoto wakiwa na ile likizo fupi ya shule ya katikati ya mwezi. Gari moja, watu saba: baba na mama, kijana wao wa miaka 19, wadogo zake wa miaka 12, 9 na 5, na bibi yao, mama mzazi wa baba, mwenye miaka 68 na magoti yaliyochoka.

Tao walilolitaka lilikuwa limeshachaguliwa kabla sijaulizwa. Ni Delicate Arch, lile linaloonekana kwenye namba za magari mengi ya Utah. Watoto wamelitazama kwenye foleni za barabarani tangu walipofika Marekani. Mama wa familia, ambaye mimi humwita shemeji, alikuwa ameambiwa kazini kwamba njia yake ni nyepesi, kilomita tano tu kwenda na kurudi, hata watoto wadogo hupanda. Yote hayo ni kweli, ila aliyeyasema hakuwa akimfikiria mtu mwenye magoti ya bibi.

Njia ya Delicate Arch huanzia kwenye kibanda cha magogo kinachoitwa Wolfe Ranch. John Wesley Wolfe, askari wa zamani wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alihamia hapo kutoka Ohio mwaka 1898 akafuga ng'ombe. Mwanzoni ni njia pana ya kokoto. Halafu unafika kwenye mgongo wa mwamba mtupu, mpana, uliolala kwa kuinama, na unaupanda moja kwa moja bila kona, bila ngazi na bila mti. Kutoka chini hadi juu mwinuko unazidi mita 140. Kwa kijana ni jasho la nusu saa. Kwa mtu mwenye magoti mabovu, kupanda si shida kubwa. Shida ni kushuka mgongo huo huo, kila hatua ikiegemea goti lililokunjika, na hakuna pa kushika. Karibu na mwisho njia inapita kwenye ukingo uliochongwa ubavuni mwa mwamba, ukuta upande mmoja na korongo upande wa pili. Watu wanaoshuka wanapishana hapo na wanaopanda.

Nilimwuliza bibi mwenyewe kwa simu, magoti yanasemaje siku hizi. Akacheka. "Magoti hayasemi, mwanangu. Yananung'unika."

Mwanawe hakutaka kulisikia. Mama yake alitoka Fizi, Kivu Kusini, na mwaka 1996 alivuka Ziwa Tanganyika akiwa na watoto wadogo hadi Kigoma, akaishi miaka mingi kambini Nyarugusu. Mtu aliyebeba mtoto mgongoni kwa siku kadhaa, unamwambiaje kwamba kilomita tano hazimfai? Ndipo nilipoona kwamba kipimo cha njia hakikuwa kiini cha jambo. Kwa adabu za nyumba ile, hakuna ambaye angemwambia bibi abaki garini. Naye bibi, kwa tabia yake, asingekubali kuwa sababu ya wajukuu kukosa tao lao: angepanda, angenyamaza, na wiki mbili baadaye angekuwa bado amelala na maji ya moto yamefungwa gotini. Wengine huanza kwa kuuliza tao lipi ni zuri zaidi. Kwa familia hii niliona swali lilikuwa tao gani ambalo bibi atalifikia kwa miguu yake mwenyewe, akae mbele yake, na asihisi kwamba amepewa la watoto.

Kwa bahati nzuri, Arches ina matao zaidi ya 2,000 yaliyohesabiwa (hata tundu la chini kidogo ya mita moja huingizwa kwenye hesabu), na moja kati ya hayo lina sifa ambayo hata Delicate Arch haina. Landscape Arch, kaskazini mwa hifadhi, sehemu inayoitwa Devils Garden, ndilo tao refu kuliko yote Amerika Kaskazini. Upana wake unakaribia mita 90. Njia ya kwenda huko ni kama kilomita moja na nusu, na nyingine kama hiyo kurudi. Imeshindiliwa vizuri, inapanda na kushuka kidogo kidogo, na ni pana kiasi cha watu wawili kutembea sambamba wakishikana mikono. Mwanzoni unapita katikati ya kuta mbili ndefu za mwamba mwekundu, na hapo asubuhi pana kivuli.

Tao lenyewe linashangaza kwa wembamba. Ukiwa umelizoea lile la kwenye namba za magari, lililosimama kifua mbele, hili unaliona kama limechorwa kwa penseli kutoka kilima hadi kilima. Sehemu yake nyembamba ina unene wa mita mbili hivi. Na si kwamba limekaa hivyo tangu enzi: tarehe 1 Septemba 1991, watu waliokuwa wakipumzika chini yake walisikia mwamba ukipasuka, wakakimbia, na bamba la urefu wa mita 18 hivi likaanguka kutoka upande wa chini wa tao. Hakuna aliyeumia. Mwaka 1995, mwezi Juni, vipande vingine viwili vikaanguka. Tangu hapo njia iliyokuwa ikipita chini ya tao imefungwa, na sasa linatazamwa kutoka kwenye uzio. Ukiendelea mbele kidogo kulikuwa na jingine, Wall Arch. Usiku mmoja wa Agosti 2008 likaporomoka lote, asubuhi wageni wakakuta rundo la mawe.

Nilimsimulia bibi habari hizo, na zikafanya kazi ambayo maneno ya magoti yasingeifanya. Tao refu kuliko yote, jembamba kuliko linavyopaswa kuwa, na linaloweza kuanguka siku yoyote! Akasema huko ndiko anakotaka kwenda yeye, na hao wengine na namba zao za magari watajua wenyewe. Mpango ukapata kiongozi.

Kijana wa darasa la sita, yule wa miaka 12, aliniuliza kwa nini matao yarundikane hapo tu. Jibu liko chini ya ardhi. Takriban miaka milioni 300 iliyopita eneo hilo lilikuwa na bahari iliyofunguka na kukauka mara nyingi, ikaacha tabaka nene la chumvi. Juu yake zikalundikana mchanga na udongo wa mamilioni ya miaka hadi zikawa mwamba. Chumvi ikielemewa haikai palepale. Hukimbilia pembeni kama unga uliokandwa unapoubonyeza kwa kiganja, inavimba hapa, inadidimia pale. Mwamba wa juu, ambao haupindiki, ukapasuka kwa nyufa ndefu zinazokwenda sambamba. Mvua na theluji zikaingia kwenye nyufa zile, zikazipanua, zikaacha kuta nyembamba zilizopangana. Kisha maji, ambayo yana asidi kidogo, yakaendelea kuyeyusha ile chokaa inayoshikanisha punje za mchanga. Usiku wa baridi maji yaliyomo yakaganda, yakatanuka, yakabandua vipande. Ukuta unaoliwa namna hiyo kutoka chini hutoboka. Tundu likikua, ndilo tao. Na ndiyo sababu linaanguka: kilichofungua tundu hakijaacha kazi.

Basi tukaja kwenye barabara, na hapa ndipo nilipoona watu wengi wanakosea hesabu. Kutoka Salt Lake City hadi lango la Arches ni kilomita 370 hivi, saa nne kama hujasimama. Unashuka kusini kwa barabara kuu hadi Spanish Fork, unapanda kwenye korongo, unapita Soldier Summit yenye mwinuko wa karibu mita 2,280, unateremka Price, Green River, halafu Moab. Saa nane za gari kwa saa mbili za kutembea. Kwa mtu wa miaka 68, kilichokuwa cha kuogopwa ni kile kiti. Miguu huvimba, magoti hukakamaa, na ukimshusha moja kwa moja kutoka garini hadi njiani unamharibia matembezi kabla hayajaanza. Nikasisitiza visimamo viwili vya lazima, Price na Green River, na kila kimoja bibi ashuke atembee, hata kama hana haja ya choo. Green River pia ni mahali pa kujaza mafuta na kununua kilichosahaulika, kwa sababu ndani ya hifadhi hakuna duka la chakula wala kituo cha mafuta.

Kuingia kwenyewe kulihitaji maandalizi. Mwaka 2021 Arches ilipokea watu zaidi ya milioni 1.8, lango likawa linafungwa mara kwa mara kwa msongamano, na kuanzia 2022 hifadhi ikaanza kutoa nafasi za kuingia kwa saa katika miezi ya wageni wengi. Kwa msimu ule wa 2024, gari lililoingia kati ya saa moja asubuhi na saa kumi alasiri lilitakiwa liwe na nafasi iliyowekwa mtandaoni kwa dola mbili. Taratibu hizi hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo tovuti ya hifadhi isomwe kabla ya kila safari. Shemeji aliweka nafasi ya saa tatu hadi saa nne asubuhi. Alifanya hivyo mapema, na ilisaidia, maana likizo ile ya Oktoba nusu ya Utah huwa Moab.

Kiingilio kilikuwa dola 30 kwa gari, lakini hawakulipa. Mtoto wa miaka 9 alikuwa ameingia darasa la nne, na serikali ya Marekani huwapa watoto wa darasa hilo pasi ya bure inayoingiza gari zima kwenye hifadhi za taifa. Unaijaza mtandaoni, unaichapa kwenye karatasi, na mtoto awepo garini. Familia nyingi za kwetu haziijui. Kumbuka tu kwamba pasi hiyo haikufuta ule utaratibu wa kuweka nafasi. Ni vitu viwili tofauti.

Mizigo haikuwa na mengi. Maji lita nne kwa kila mtu mzima, kiasi ambacho Oktoba kilionekana kingi na Julai, joto linapopita nyuzi 38, kisingeonekana hivyo. Chapati, mayai ya kuchemsha, karanga za chumvi, ndizi, chai kwenye chupa mbili. Koti kwa kila mtu, maana asubuhi ya Oktoba kule ni baridi ya kutetemesha na mchana unavua hadi fulana. Nililobishania ni viatu vya bibi. Alitaka kwenda na ndala zake za kufunga, zile alizozizoea. Mwishowe alikubali raba za mjukuu, soksi mbili, na fimbo mbili za kutembelea badala ya moja. Fimbo mbili ndizo zinazopunguza uzito gotini wakati wa kushuka; moja inakufanya uinamie upande.

Waliondoka saa kumi na nusu alfajiri. Jua liliwakuta kati ya Price na Green River, likichomoza upande wa ile milima mirefu iliyonyooka kama ukuta, Book Cliffs. Langoni walifika ndani ya muda wao, wakajaza maji kwenye kituo cha wageni, wakaendesha kilomita 29 za barabara ya ndani hadi mwisho wake, Devils Garden. Maegesho yamejaa. Magari yanazunguka yakisubiriana.

Hili tulikuwa tumelitarajia. Kuzunguka pale nusu saa na watoto wanaolia ni kuipoteza siku. Walirudi nyuma kidogo hadi Sand Dune Arch, tao dogo lililojificha katikati ya kuta mbili, umbali wa dakika chache kutoka barabarani, chini yake mchanga mlaini tele. Watoto walivua viatu. Bibi aliingia hatua chache, akaona mchanga unamvuta mguu, akarudi akaketi kwenye kivuli mdomoni mwa njia akawa mlinzi wa viatu. Hakuna aliyembembeleza, na hilo lilikuwa sahihi. Walipokwenda tena Devils Garden mnamo saa tano, watu wa asubuhi walikuwa wameanza kuondoka, wakapata nafasi.

Bibi alitembea mbele. Hili lilikuwa agizo langu moja ambalo sikukubali lijadiliwe: anayetembea polepole ndiye atangulie. Akiwa nyuma, wenzake humsubiri, na akifika tu wanaondoka, kwa hiyo wao wanapumzika na yeye hapumziki kamwe. Akiwa mbele, mwendo ni wake. Mtoto wa miaka 5 alishika fimbo moja wakati wa kupanda, akairudisha wakati wa kushuka. Kila penye kivuli bibi alisimama, na kila aliposimama akapata la kusema kuhusu mwamba ule, kwamba unafanana na nyama iliyokaushwa. Karibu dakika hamsini zikapita, na tao likatokea kushoto.

Alikaa kwenye benchi nusu saa. Alipiga simu ya video kwa dada yake Kigoma, mtandao ukakataa. Akamwagiza kijana alipige picha mara nyingi kwa ajili ya baadaye, yeye mwenyewe akiwa mbele, amefunga kitenge kichwani na raba za mjukuu miguuni.

Kutoka pale njia inaendelea, lakini ghafla inageuka kuwa kupanda juu ya mgongo wa ukuta wa mwamba. Kwa mpango wetu pale ndipo mwisho, na ulikuwa umesemwa nyumbani, mbele ya watoto wote, ili asiwepo wa kusema "twende kidogo tu". Binti wa miaka 9 alijaribu hata hivyo. Kitu kingine kilichosemwa nyumbani ni udongo. Pembeni mwa njia kuna tabaka jeusi lenye vinundu, ambalo ni viumbe hai, bakteria na kuvu na mwani wadogo, wanaoushika mchanga usipeperuke. Hatua moja ya mtoto inavunja kilichochukua miaka mingi kujengeka. Watoto walielewa haraka kuliko watu wazima waliokuwa wakikatiza njia kutafuta pembe ya picha.

Hadi chakula cha mchana, kwenye meza za Devils Garden, safari ilikuwa imekwenda barabara. Kilichofuata ndicho ninachokitilia shaka.

Kijana wa miaka 19 hakuwa ameiacha Delicate Arch moyoni. Mpango ulisema watakwenda kuiona kwa mbali: mbele kidogo ya Wolfe Ranch kuna maegesho ambayo kutoka hapo ni mita kama 100 tu za njia tambarare, na tao linaonekana juu ya ukingo, umbali wa kilomita moja na nusu hivi. Kwa darubini linaonekana vizuri, pamoja na watu walio chini yake. Baba alimruhusu kijana apande na mdogo wake wa miaka 12, wengine wakisubiri. Ruhusa yenyewe siilaumu. Njia ile Oktoba ina watu wengi, walikuwa na maji, walikubaliana saa ya kurudi, na aliyebaki chini alijua asiwafuate bali amwambie askari wa hifadhi. Mtoto aliyekulia na picha ile ana haki ya kuigusa kwa macho kutoka karibu. Bibi mwenyewe ndiye aliyesema waende, na alisema akiwa amekwisha kulifikia lake. Kama wangeanza na Delicate Arch asubuhi, maneno hayo hayo yangekuwa ya kujitoa.

Lakini yule kijana ndiye alikuwa dereva wa pili. Mpango ulisema waondoke hifadhini saa tisa alasiri, ili Soldier Summit na korongo la Spanish Fork wavipite kabla giza halijashika, kwa sababu barabara ile ina njia finyu sehemu nyingi, malori, na paa wanaovuka machweo. Kupanda kulikula saa mbili. Waliondoka karibu saa kumi na moja, jua likawazamia baada ya Green River, na kuanzia hapo kijana alikuwa amelala kichwa kimeegemea kioo. Baba aliendesha kilomita zote zilizobaki gizani, akiwa macho tangu saa tisa usiku. Walifika salama. Hata hivyo, ukiniuliza hatari ya siku ile ilikuwa wapi, haikuwa mwambani.

Marekebisho yangu ni madogo. Kama kijana anapanda, mama ajifunze kuendesha gari lile kubwa kabla ya safari, au walale usiku mmoja Moab au Green River. Shemeji ameshachagua: wanataka kurudi Machi, walale, na safari hii waende Mesa Arch, kwenye hifadhi jirani ya Canyonlands, mzunguko usiofika kilomita moja na robo. Bibi ameafiki. Nimewaambia tao hilo limekaa ukingoni mwa jabali na halina uzio, kwa hiyo yule wa miaka 5 atashikwa mkono mwanzo hadi mwisho. Pasi ya darasa la nne bado itakuwa hai. Mwisho wake ni tarehe 31 Agosti.